Naandika Tarehe

Bondeni, njia ya Kakese,
Mpanda.
9 Machi, 1975

Kwa mdogo wangu Theopista,

Tumsifu Yesu Kristu. Dada yako Dafrosa nakusalimu kutoka nyumbani, na mkono unaoandika ni wa Verdiana kama kawaida, maana hii kazi ya kalamu unajua ilinishinda tangu kisomo cha watu wazima cha mwaka juzi. Sisi tuko wazima. Baba Verdiana yuko porini kwenye mizinga yake, atarudi na asali Mungu akipenda. Mpunga umesimama vizuri. Jaruba la chini limeanza kutoa mashuke, na ndege kwelea kwelea wameshatuma wapelelezi wao.

Sasa nikueleze jambo lililonikaa rohoni. Jumanne niliitwa ofisi ya kijiji. Mimi! Tangu tuhamie hapa sijaitwa hata kwa kosa la mbuzi. Nafika, namkuta Mwalimu Silvester na kitabu chake cha mahudhurio, ananionyesha alama nyekundu, nyekundu, nyekundu. Anasema Verdiana hajaingia darasani siku ishirini na sita, ni mtoro, na zikifika arobaini jina lake linafutwa. Hapo hapo nikapewa adhabu: mizigo sita ya nyasi za kuezekea nyumba ya mwalimu.

Theopista, mtoto huyu kila asubuhi natoka naye mlangoni, yeye na daftari lake, mimi na jembe langu. Anakwenda wapi? Nimemuuliza, ananyamaza. Nimemchapa, ananyamaza. Andika, Verdiana, usinitolee macho. Siku hizi hata akisema kitu anasema kwa ile sauti iliyokauka tangu alipofukuza ndege mpungani mwaka jana. Nampa asali na ndimu, wapi. Mtoto aliyekuwa akipiga ukelele juu ya dungu la kulindia mpunga mpaka ndege wa jirani wanahama! Watu walikuwa wananiambia, Dafrosa, una bunduki nyumbani.

Wewe umesoma, umekuwa nesi, nipe shauri. Jina lake likifutwa ana miaka kumi tu, na darasa la tatu ndiyo mwisho wake. Atakuwa kama mimi, mtu wa kusomewa barua.

Dada yako,
Dafrosa

Mama mdogo shikamoo. Hapa ni mimi Verdiana, mama hajasema haya. Mimi siyo mtoro. Naenda shule kila siku na nakaa dawati la tatu na Katarina. Mwalimu akiita jina inabidi useme Nipo. Siku moja nilisema Nipo, sauti ikatoka kama ya babu, darasa zima wakacheka. Mwalimu alikuwa anaangalia kitabu, akasema nani huyo anajifanya mzee, akaja akanichapa kiboko kimoja. Sasa wananiita Babu. Kwa hiyo siitiki tena, na yeye anaweka nyekundu. Kanisani nimeacha kwaya. Usimwambie mama, anapenda sana ile sauti yangu ya dunguni. Mama ameniuliza mbona bado naandika na yeye amemaliza kusema. Nimemwambia naandika tarehe.


Tabora,
23 Machi, 1975

Dada Dafrosa,

Milele na milele, amina. Shikamoo. Barua imefika, nimeisoma nimesimama koridoni na sindano mkononi, mgonjwa akabaki amelegeza suruali ananisubiri. Unajua nikipata barua ya nyumbani sioni mtu.

Kwanza acha kumchapa mtoto. Sikuombi, nakuambia. La pili, hiyo sauti. Mtu akikauka sauti wiki moja ni mafua. Akikauka mwaka mzima kuna kitu kooni, na asali haifiki huko. Hapa hospitali huja daktari wa koo kila mwezi, ana kioo kidogo chenye mpini mrefu, anaona mpaka chini. Nataka amwone Verdiana.

Wakati tunapanga hayo, mtoto asipande dunguni kabisa. Asipige kelele, asiamie ndege mpungani, asiite mtu wa mbali. Kunong'ona pia hapana, kunamchosha koo vilevile. Aseme taratibu, kama anasema na mtu wa mkeka mmoja. Ndege wafungie kamba toka mti hadi mti, uning'inize makopo na mabati, mtu akae kivulini avute. Tuliona wamisionari wakifanya hivyo kwenye bustani yao, unakumbuka? Tuliwacheka.

Nakusalimu sana, na shemeji akirudi mwambie asali yangu isisahauliwe.

Mdogo wako,
Theopista

Verdiana, kuanzia hapa soma kimya, usimsomee mama. Nimekuelewa mwanangu. Wewe si mtoro na wala si Babu. Sauti yako inaumwa, kama mguu unavyoweza kuumwa, na hakuna anayemchapa mtu kwa kuchechemea. Nitalitafutia njia. Vumilia kidogo.


Bondeni,
13 Aprili, 1975

Theopista,

Tumsifu Yesu Kristu. Barua yako imesomwa hapa uwanjani, lakini kutojua kusoma si kutoona. Nilikuwa namtazama Verdiana. Alipofika mwisho mdomo ulifunga, macho yakaendelea kutembea kwenye karatasi. Nikamuuliza, unasoma nini? Akasema, hakuna, ni salamu. Salamu za mistari sita?

Ndipo nikajua. Hayo ya kwamba asiamie ndege, asipande dunguni, akae kivulini avute kamba, ameyatunga yeye. Theopista niliyezaliwa naye, aliyelelewa kwa mpunga huu huu, hawezi kuniandikia kwamba mtoto wa mkulima akae kimya ndege wakila. Mwezi wa nne! Makopo nitayatoa wapi? Nimemrudisha dunguni, na nimemwambia uongo wa shuleni asiniletee na nyumbani. Andika hivyo hivyo, Verdiana. Andika neno uongo.

Kama kweli maneno yale ni yako, basi nijibu, na ndani ya barua weka kitu ambacho mtu mwingine hakijui duniani ila mimi na wewe. Hapo nitaamini.

Dada yako,
Dafrosa

Mama mdogo, nilimsomea yote kama ulivyoandika, ila yale ya kwangu tu. Sikutunga. Juzi dunguni sauti ilikatika. Nafungua mdomo inatoka hewa. Ndege wameshuka jaruba la chini nikawa nawapigia makofi. Mama anadhani nimegoma. Tangu tutoke likizo ya Pasaka nyekundu zimefika thelathini na tatu, Katarina ananihesabia. Naandika tarehe.


Tabora,
20 Aprili, 1975

Dada,

Leo hakuna salamu ndefu, na leo hakuna mstari wa kusoma kimya. Kosa hilo lilikuwa langu, nimemwonjesha mtoto siri ikamponza. Verdiana, soma yote kwa mama, taratibu, ukichoka pumzika.

Umetaka kitu tunachokijua mimi na wewe tu. Haya. Mwaka ule mimi nina miaka minane na wewe kumi na mbili, ndege walimaliza jaruba la chini lote kabla ya saa sita. Baba akauliza nani alikuwa dunguni. Ukasema, Theopista. Nilichapwa mpaka nikakojoa. Lakini aliyekuwa dunguni ni wewe, dada. Ulikuwa umelala, na khanga ya mama umejifunika usoni. Mimi nilikuwa kisimani. Niliporudi ulinishika mkono ukaniambia, nyamaza nitakupa shanga zangu. Nikanyamaza. Shanga hukunipa mpaka leo.

Miaka yote hii sijasema. Nasema leo kwa sababu mtoto wako ananyamaza vilevile, naye hajalala. Kila siku anaingia darasani. Mwalimu haisikii sauti yake, basi anaandika kwamba hayupo. Alipoitika mara moja walimcheka na kumchapa. Ndiyo hayo aliyokuwa akiyaficha, na alikuwa anakuficha wewe kwa sababu unaisifu ile bunduki yako.

Mama Isidori jirani yako anakuja Tabora kumwona mumewe mwanzoni mwa Mei. Mpakie Verdiana kwenye treni pamoja naye. Mwalimu nimeshamwandikia kwa karatasi ya hospitali yenye mhuri, siku atakazokuwa huku hazihesabiwi, na jina lisifutwe kabla hajarudi. Na asiguse dungu hata kwa kuliegemea.

Mdogo wako anayekupenda bado,
Theopista


Bondeni
18 mei 1975

Teopista

Nina andika mimi Dafrosa kwa mkono wangu. Mtu wa kuandika yuko huko kwako. Balozi wa nyumba kumi alitaka kuniandikia nime kataa mambo yetu siyo yake.

Nime rudi kisomo. Wana nicheka kwa kuwa niliacha. Wacheke.

Verdiana ame fika? Amekula? Ana sema?

Makopo nime pata kumi na nne. Wana wa Mama Isidori wana vuta. Ndege wana ogopa kweli.

Shanga nina zo bado. Nita kupa.

Dafrosa


Tabora,
8 Juni, 1975

DADA DAFROSA,

Barua yako nimeionyesha wodi nzima. Nimewaambia huyu ndiye aliyesema kalamu imemshinda. Naandika kwa herufi kubwa na maneno mafupi ili usipate tabu. Ukikwama, weka kidole, pumua, endelea.

Verdiana alifika salama. Anakula. Daktari amemwona kwa kile kioo. Alikohoa, akatoa machozi, lakini alitulia.

Kooni tuna nyuzi mbili za sauti. Za Verdiana zimeota vinundu viwili vidogo, kimoja kila upande. Ni kama sugu za mkononi mwako zilizotoka kwenye jembe. Zake zimetoka kwenye kupiga kelele. Si kifua kikuu, si uchawi, haiambukizi. Kwa mtoto hazikatwi. Ukipumzisha mkono sugu inalainika, na yeye tunampumzisha koo. Inachukua miezi. Daktari anasema sauti itarudi, labda si yote, lakini ya kutosha kuishi nayo.

Daktari alisema jambo jingine ambalo sitaki nilimeze. Alisema watoto hawa wanaletwa wamechelewa kwa sababu kila mtu anadhani ni jeuri, na kufika kwao hospitali wameshaacha kucheza, wameshaacha kuuliza swali. Akamuuliza Verdiana, shule unapenda nini? Akajibu, kuandika, kwa sababu kuandika hakumcheki mtu.

Nimeweka humu barua zako mbili, ya Machi na ya Aprili. Ni zako, ulizituma wewe. Sasa zisome mwenyewe, na usome mpaka chini kabisa.

Theopista

Mama shikamoo. Mimi Verdiana. Hii ni ya kwako kweli, siyo ya kusoma kimya. Kila asubuhi mama mdogo ananikalisha mkekani ananiambia nihesabu moja mpaka ishirini kama namhesabia yeye peke yake. Nikipandisha sauti ananigonga kidogo kwa upawa. Nimehesabu mpaka kumi na sita bila kukatika. Mama mdogo amenipeleka dukani nikaomba chumvi, mwenye duka akanielewa mara ya kwanza, hakuniambia rudia. Nimefurahi mpaka nikasahau chenji, tukarudi. Mama, ukienda kwa mwalimu usimgombeze. Wakimcheka yeye watanicheka tena mimi.


Bondeni, njia ya Kakese,
Mpanda.
24 Agosti, 1975

Kwa mdogo wangu Theopista,

Tumsifu Yesu Kristu. Barua hii nimeiandika siku tatu, maneno yakiungana vibaya unisamehe. Mtihani wa kisomo nimeufanya mwezi huu, majibu bado. Mtoto uliyemleta mwishoni mwa Julai ni mzima, na asali yako imo kwenye chupa ya dawa inangoja msafiri, baba Verdiana ameikamua mwenyewe.

Nikueleze kwanza habari ya barua zangu. Ile ya Machi niliisoma asubuhi mpaka jua la mchana, kidole juu ya neno. Nilikuwa najicheka, naona maneno yangu, nyekundu nyekundu nyekundu, una bunduki nyumbani. Nikafika kwenye jina langu, nikadhani imekwisha. Chini yake nikaona mengine. Mimi siyo mtoro. Nikarudia kusoma nikidhani nimekosea herufi. Sikukosea. Theopista, nililia mpaka baba Verdiana akauliza nani amefariki. Kumbe mtoto alikuwa ananijibu pale pale mbele ya macho yangu, kwenye karatasi yangu mwenyewe, na mimi nimekaa namwambia andika neno uongo. Na akaliandika. Nimeliona, kaandika vizuri, bila kukosea.

Wewe ulichapwa kwa usingizi wangu. Mwanangu nimemchapa kwa kalamu ya mwalimu. Mambo yote mawili ni kama mpunga wa jaruba moja. Naona haya kuyaandika lakini nayaandika.

Basi nikaenda shule. Nilikuwa nimepanga maneno makali njia nzima, halafu nikakumbuka Verdiana alivyoniomba, nikayameza. Nikamwomba Mwalimu Silvester kitabu cha mahudhurio. Akanipa huku anatabasamu, anajua mimi sijui kusoma. Nikaweka kidole, nikashuka jina moja baada ya jingine, nikasoma kwa sauti: Verdiana Damiano. Tabasamu likaisha. Nikamwambia, mwalimu, siku zote hizi za alama nyekundu mtoto alikuwa dawati la tatu, muulize Katarina. Akamwita Katarina. Katarina akasema ndiyo, na akazitaja siku kwa usahihi kuliko kitabu.

Mwalimu alivuta kitabu kwake. Akasema, mama, tangu watu wahamie kijijini nina watoto themanini na wawili, naita majina nikitazama kitabu ili nimalize kabla jua halijapanda. Halafu akauliza polepole, kumbe yule niliyemchapa kwa kujifanya mzee alikuwa yeye? Nikasema ni yeye. Alichukua kalamu ya bluu akazipitia nyekundu zote, moja moja, mimi nimesimama naangalia, hakuruka hata moja. Mizigo yangu sita ya nyasi hairudi, iko juu ya paa lake. Nimemwambia mvua ikianza anikumbuke.

Jumatatu Verdiana alirudi darasani. Nilijifanya napita na kuni, nikasimama nyuma ya dirisha. Mwalimu akaanza kuita, na leo kila jina anainua uso. Alipofika kwake nikasikia kimya, mpaka kuni zikanilemea kichwani. Kisha nikasikia: Nipo. Si ile ya dunguni, Theopista. Ni ndogo, na imekwaruza kidogo kama ya mtu aliyetoka kuamka. Lakini ni ya mtoto, ni ya kwake, na niliisikia mimi niliyekuwa nje. Mmoja akataka kucheka, mwalimu akamtazama, kicheko kikaishia puani. Wakaendelea na jina linalofuata.

Ukelele wa dunguni nimemkataza kabisa, hata mpunga ujao. Makopo sasa ni ishirini na mbili na majirani wanakuja kuazima shauri. Kwaya bado hajarudi, mwenyewe anasema tusubiri Noeli. Sitamharakisha. Nikimtaka sasa simwiti kutoka mbali ili asilazimike kuitika kwa nguvu. Nakwenda mpaka alipo.

Shanga zako nimezifunga kwenye kitambaa ndani ya bahasha. Mbili zimepotea kwa miaka mingi, hizo usinidai.

Dada yako, kwa mkono wake mwenyewe,
Dafrosa

Verdiana, bahasha hii nakupa wewe uipeleke posta, na sijaibandika. Najua utasoma. Nilikuchapa na hukuwa na kosa. Nilikuita mwongo na ulikuwa unasema kweli. Kwa mdomo sijaweza kukuambia, kila nikianza naishia kukupakulia chakula. Nisamehe mwanangu. Siku ile nje ya dirisha nami nilitamani kuitika. Sasa hivi umekaa hapa kando yangu unamenya mihogo, umeniuliza mbona bado naandika. Nimekuambia naandika tarehe.